Riziki Hupitia Mikononi mwa Watu

Sisi tunaohudumu katika kamati za diakonia tunalifahamu swali moja ambalo halikosekani. Huulizwa kwa sauti ya chini, watu wakishatawanyika baada ya ibada: "Mzee, nimeomba, nimefunga, na hali bado ni ile ile. Nimemkosea Mungu wapi?" Anayeuliza huwa amepunguzwa kazini, au biashara imekata mtaji, au mgonjwa amemaliza akiba ya nyumba nzima. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mangi wa dukani ameshasema hakopeshi tena mpaka deni la mwezi uliopita lilipwe. Ninamwandikia mtu huyu, na ninawaandikia walio karibu naye.

Kupungukiwa si ushahidi kwamba Mungu amekukasirikia. Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, alitaja njaa, kiu, baridi na uchi miongoni mwa mambo yaliyompata akiwa katika kazi ya Bwana. Nabii Habakuki alimaliza kitabu chake akitazama shamba lisilotoa chakula na zizi lisilo na mnyama, akaazimia kumfurahia Mungu hata hapo. Mahubiri yanayodai kwamba mwenye imani ya kweli hapungukiwi yamewatwisha wenye shida mzigo wa pili. Mtu analala na njaa, na juu ya njaa analala na hatia.

Swali lenye faida zaidi ni hili: Mungu akitaka kukulisha wewe wiki hii, atapitia wapi? Ziko sehemu katika Biblia ambapo chakula kinamfikia mtu bila kupitia mkono wa mtu mwingine. Mana jangwani ni mfano, na kunguru waliomlisha Eliya ni mfano mwingine. Lakini kijito alichokunywea maji kilipokauka, Eliya hakuletewa kunguru wengine. Alitumwa Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Mara nyingi zaidi riziki inapitia kwa watu, na wengi wao hawana cha ziada. Ushauri wangu wote unatoka hapo.

Msomaji mwenye Biblia afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Habari yenyewe ni ya aya saba tu. Mwanamke amefiwa na mume, na mume huyo alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Ameacha deni. Mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mama yule anamwendea Elisha na kumweleza yote: kifo, deni, na watoto walio hatarini. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Anajibu kwamba hana kitu, kisha anakumbuka chupa ya mafuta. Anaambiwa aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Vyombo vilipokwisha, mafuta nayo yakakoma. Anarudi kwa Elisha, naye anamwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki.

Muujiza ni wa Mungu peke yake, wala sitaki kuupunguza. Ila tazameni kazi aliyoifanya mama huyu mwenyewe. Alikwenda kusema. Akakubali kuulizwa maswali juu ya nyumba yake. Kisha akapita mlango kwa mlango akiomba mitungi, na huyo ni mjane ambaye mtaa mzima unajua anadaiwa. Nafikiri hapo ndipo wengi wetu tungeishia. Tungesema Mungu atutendee kimyakimya, majirani wasijue. Lakini kiasi cha mafuta kilitegemea idadi ya vyombo, na idadi ya vyombo ilitegemea milango aliyoibisha hodi. Na baada ya muujiza kulikuwa na soko la kwenda, bei ya kupatana, na mdai wa kulipwa kwanza kabla ya kula. Mungu alimpa mafuta, hakumpa fedha taslimu. Mafuta ilibidi yauzwe.

Kwa hiyo, wiki hii, kaeni chini kama familia. Mke na mume, na watoto wenye umri wa kuelewa, maana wana wa mjane walikuwa ndani wakimletea vyombo. Andikeni kilichomo nyumbani. Usianze na fedha, anza na mikono: nani anajua kushona, kupika, kusuka, kufundisha, kufyatua tofali, kuendesha? Kuna cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa tangu mwaka juzi? Kuna oveni, toroli, kipande cha uwanja kinachoweza kutoa mchicha? Kuna mtu anayekudai, na kuna mtu unayemdai wewe ukaona haya kumkumbusha?

Kisha fungueni bahasha ya makaratasi. Nimeona watu wakikesha wakiomba Mungu awafungulie mlango huku kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii imelala kabatini. Kwa Tanzania, sheria imeweka fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyepoteza kazi. Lina masharti yake kuhusu michango uliyochangia na namna ulivyoachishwa, hivyo nenda ofisini na namba yako ya uanachama uulize. Kaya iliyo duni kabisa ina mpango wa TASAF, na njia ya kuufikia ni mkutano wa mtaa au kijiji, ule mkutano ambao wengi hatuhudhurii. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako ndipo pa kuanzia.

Wapo wanaoona kufuata mambo haya ni kupungukiwa na imani, kwamba mtu wa Mungu hapangi foleni. Ruthu hakuona hivyo. Torati ilikuwa imeshawaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, wawaachie maskini na mgeni. Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabi, na mjane. Alikwenda shambani asubuhi akaokota masazo nyuma ya wavunaji mpaka jioni. Ile sheria ilikuwa mkono wa Mungu, na yeye aliinama kuokota kilichokuwa haki yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu.

Ukiingia mtaani siku ya marejesho utajua. Nyumba iliyokuwa na redio tangu alfajiri imekuwa kimya. Pazia limeshushwa. Mtoto wa miaka sita amesimama mlangoni akisema alichofundishwa: mama amesafiri. Kijana wa marejesho hagombi, amekaa kwenye benchi la jirani anachezea simu, anangoja. Na mama yuko ndani chini ya dirisha, ameshika mdomo wa mtoto mchanga asilie. Huyu ni mwimbaji wa kwaya. Jumapili atasimama mbele kuimba kwamba Bwana anatosha, na mtoto wake wa miaka sita atamsikiliza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na inafaa kufanywa kabla ya kusaini. Chukua shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 40,000. Ukiwa na uwezo wa kulipa riba tu, baada ya miezi mitano umeshatoa 200,000 nyingine, na deni bado ni lile lile 200,000. Umefanya kazi miezi mitano na hujapiga hatua hata moja. Mikopo ya kwenye simu ina ubaya wake wa ziada, kwa sababu baadhi ya programu hizo huchukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa, shemeji, bosi na mchungaji wanatumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo lenye orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini yake. Kama unatafuta mkopo leo, swali la kwanza ni kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. La pili ni jumla yote utakayorudisha, iandikwe kwa shilingi na si kwa asilimia. La tatu ni nini kitatokea ukichelewa wiki moja. Na usimkabidhi mtu kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, hata kama wenzako wote wa kazini wamefanya hivyo.

Ikiwa umeshanasa, usikope kwa huyu ili umlipe yule. Mnyororo huo ndio unaomaliza nyumba. Nenda kwa mdai kabla ya siku ya rejesho, si baada yake. Nenda na mtu anayeheshimika, mzee wa kanisa au balozi, na kiasi unachoweza kulipa bila kusitasita, hata kama ni kidogo. Yaandikwe, kila mmoja abaki na nakala. Mdai akiona mtu amekuja mwenyewe mara nyingi hulegea, kwa kuwa anachokihofia zaidi ni kukimbiwa.

Kikoba cha watu mnaojuana ni afadhali mara nyingi. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kila hisa inahesabiwa mbele ya wote, na mfuko wa jamii upo kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Lakini hata huko, kopa kwa ajili ya kitu kitakachozaa. Ukikopa unga, unga utaliwa na deni litabaki. Unga unaombwa.

Na hapo ndipo penye ugumu wote: kuomba. Sisi ni watu wa kustahimili. Tumefundishwa kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, na methali hiyo ina mahali pake, lakini si mahali ambapo watoto wanalala njaa. Wahubiri hupenda kumtaja George Müller, yule Mjerumani aliyelea yatima Bristol, Uingereza, katika karne ya 19. Wanasimulia kwamba hakumwomba binadamu hata senti, alimwomba Mungu tu, na zaidi ya yatima 10,000 walitunzwa. Ni kweli kwamba hakuchangisha na hakukopa. Ila linaloachwa ni kwamba kila mwaka alichapisha taarifa ya kazi na mahesabu yake, kilichoingia na kilichotoka, watu wakasoma. Hakujificha. Aliyekuwa tayari kuguswa na Mungu alijua nyumba za yatima ziko wapi na zina hali gani. Ukimfuata Müller kwa sala zake, mfuate pia kwa uwazi wake. Mungu akimgusa jirani yako usiku wa leo, jirani atajuaje kwamba ni wewe, wakati kila asubuhi unamjibu kwamba u mzima tu, Bwana ni mwema?

Huna haja ya kumwambia kila mtu. Chagua wawili au watatu wenye kifua, na sema kiasi: "Tumekwama kodi ya miezi mitatu, tunaweza kutafuta nusu." Ombi la namna hiyo linashikika. Kulia tu kwamba hali ni ngumu hakumwonyeshi mtu pa kushika, maana hali ni ngumu kwa wengi.

Kuhusu matumizi sitasema mengi, maana mwenye shida anajua kubana kuliko mshauri wake. Kuwe na daftari, na liwekwe karibu na Biblia. Mana ilikusanywa asubuhi kwa asubuhi, kipimo kwa kila kichwa, na iliyolimbikizwa ikaoza, isipokuwa siku ya sita walipoamriwa kukusanya maradufu. Mtu wa kipato cha siku anaweza kuomba kwa namna hiyo: hiki cha leo, hiki cha kesho, asante. Chakula, dawa na paa vitangulie. Michango ya harusi, kipaimara na sendofu ingoje, na sema hivyo kwa mdomo wako: "Safari hii sitachanga fedha, nitakuja kupika." Kamati ya harusi itanung'unika kidogo, halafu itafurahi kupata mpishi.

Sadaka je? Wapo watumishi ambao hatutakubaliana hapa. Wanasema ukiwa na shida ndipo upande mbegu kubwa zaidi, utoe hata ada ya mtoto, na ukikosa, ukope utoe. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo kwa mkono wa Paulo. Aliwasifu Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao, lakini katika waraka uo huo akawaeleza Wakorintho kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asichokuwa nacho. Njoo utazame mnada baada ya ibada kwenye sharika zetu za kijijini. Muuzaji anainua mayai matatu kwenye kisahani cha plastiki, yametolewa na bibi asiye na fedha. Yanaanza kwa shilingi mia tano. Mwalimu anapandisha, fundi anapandisha, yanauzwa bei ya trei nzima, na aliyeyanunua anamrudishia bibi awapikie wajukuu. Bibi ametoa alichokuwa nacho, na Mungu amempitishia riziki mlango ule ule wa sadaka yake. Hakukopa.

Lakini shida ikizidi, mtu huuza akili yake pia. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyohubiriwa kuwa ya upako. Nadhani wengi walikwenda kwa sababu ya magonjwa, madeni na watoto wasio na kazi. Siwezi kuwacheka, na wala asiwacheke mtu. Ila mjane aliyemwendea Elisha hakuuziwa mafuta. Mafuta yalikuwa yake, nabii hakuchukua hata kipimo kimoja, na fedha iliyopatikana ilikwenda kwa mdai na kwa watoto. Mtumishi anayekuambia Mungu atakupa ukishampa yeye kwanza, huyo mpishe njia.

Kuna jambo sitaki kulificha. Wapo waliomtumaini Mungu kwa moyo wote na bado nyumba ikauzwa, au mgonjwa akafa wakati fedha ya matibabu bado inachangwa. Imani yao haikuwa na kasoro. Mara nyingine mkono uliotakiwa kufika haukufika, na katika hali hizo napenda kuuliza mkono huo ulikuwa wa nani, kabla sijamuuliza Mungu.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, kinasimulia nabii aitwaye Agabo aliyetabiri njaa kubwa, na njaa ikaja katika siku za Kaisari Klaudio. Kanisa la Antiokia lilikwisha kuambiwa na Roho Mtakatifu kwamba njaa inakuja. Wakafanya nini? Walichanga, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, wakawatuma Barnaba na Sauli kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Waumini wa Uyahudi waliokuwa wanamngojea Mungu walijibiwa kwa mfuko uliobebwa na watu wawili waliosafiri.

Basi neno langu la mwisho ni kwa viongozi wa jumuiya na wenye nafuu kidogo. Chukueni daftari la mahudhurio. Tafuteni aliyeacha kuja. Mara nyingi hajarudi nyuma kiroho, ameona tu zamu ya kupokea jumuiya nyumbani kwake inakaribia, na hana sukari, hana maandazi, hana viti. Wekeni utaratibu kwamba jumuiya inanywa maji tu, kila nyumba, kwa tajiri na kwa maskini. Wekeni bahasha ya diakonia ambayo jina la anayesaidiwa linajulikana na watu wawili tu. Mwenye kazi ya kutoa, hata ya siku mbili, amtafute kwanza aliye ndani ya jumuiya, amlipe siku hiyo hiyo. Na kabla ya Jumapili ijayo, mwenyekiti na mtu mmoja waende wakabishe hodi kwa yule aliyekosekana, wasiende mikono mitupu, na wasingoje aanze yeye kusema.